Esanse ya Kukimbia

Juzi nilikuwa mwaloni hapa Rumonge, nanunua ndagala kama mtu mwingine yeyote, nikasikia vijana wa boti wanabishana juu ya habari ya redio. Ndege ilikatazwa kutua kwa sababu ya mvua, ikazunguka, ikatumwa kwenye kiwanja kingine, na esanse yake karibu iishe ikiwa bado juu. Mmoja akasema, "Hayo ni mambo ya ndege. Boti ikikosa esanse inaelea tu." Wenzake wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilibeba ndagala zangu nikaenda nyumbani, nikamwambia mjukuu anitafutie karatasi na kalamu. Boti ikikosa esanse kwenye mawimbi haielei tu. Inageuka, inayapa mawimbi ubavu, na hapo hakuna tena komanda wala konvoyeri, wote ni abiria. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi mnaofanya kazi ile sasa, hasa wasichana. Shule yangu iliishia darasa la tatu. Asiyependa mwandiko wangu aje nimwambie kwa mdomo, na kwa mdomo nina ukali zaidi.

Nimeacha kazi mwaka huu kwa sababu ya magoti. Si kwa sababu ya woga, wala si kwa sababu ya ile siku nitakayoieleza hapa.

Nilikuwa konvoyeri wa boti ya abiria. Kwenye basi konvoyeri ni yule anayening'inia mlangoni akiita watu. Boti haina mlango wa kuning'inia. Unawapanga watu, unawavisha jile, yale makoti ya kuelea, wakitaka wasitake, unagawa mizigo isilemee upande mmoja, unatunza esanse. Komanda anaangalia mbele. Konvoyeri anaangalia ndani.

Niliingia kazini baada ya baba Zuhura kufariki. Zuhura ni binti yangu, wa pekee. Wanaume wa mwaloni walisema mwanamke akipanda boti kila siku ataleta upepo. Komanda wetu, Muzee Bilali, aliwajibu bila kugeuza shingo, "Upepo ulikuwapo kabla mama huyu hajazaliwa. Sogezeni mizigo."

Siku ya kwanza Muzee Bilali hakuniacha nishike kitu chochote. Alinisimamisha kwenye mchanga akasema, "Angalia miguu yao." Nikadhani ananitania. Baadaye nikaelewa. Mtu atakuambia mzigo wake ni nguo tupu, mwepesi kabisa. Wewe angalia unyayo wake unavyozama, utajua ndani kuna misumari. Mpaka leo siwezi kukutana na mtu mwaloni bila kutazama chini kwanza. Wengine wanafikiri nina haya.

Siku iliyofuata alinipa kijiti. Kilikuwa ukuti wa mchikichi aliouchonga na kuukata alama kwa kisu, wa kuchovya kwenye tanki. Akanifundisha na ile pompe ya mpira iliyo kwenye bomba la moteri: ukiiminya ikawa ngumu kama embe bichi, esanse imefika, ikilegea, moteri inavuta hewa na inakaribia kukusaliti. Halafu akanionyesha mafungu. Esanse ina mafungu matatu, akasema. Ya kwenda. Ya kurudi. Ya kukimbia. Ya kwenda na ya kurudi zinakaa kwenye tanki. Ya kukimbia inakaa kwenye bidoni, dumu lake peke yake, imefungwa, nyuma ya miguu ya komanda, na haifunguliwi mpaka iwe lazima.

"Kukimbia nini?" nikauliza.

"Kukimbia kwenu," akasema. "Iko siku utafika kwenu ukute maji yamefunga mlango. Utakwenda kwa mwingine. Na kwa huyo mwingine hukupanga kwenda, kwa hiyo esanse ya kufika kwake hukuiweka kwenye tanki. Ndiyo hii."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Kuna bwana harusi mmoja alikataa jile kwa sababu itamkunja suti. Muzee Bilali alizima moteri tukiwa hatujaacha mchanga, akatoa chupa yake ya chai, akaanza kunywa taratibu. Ndugu wa bwana harusi wakapiga kelele, mama yake akalia, yeye akaongeza sukari. Bwana harusi akavaa jile. Nimeziona picha za harusi ile. Mikunjo iko kifuani, lakini bwana harusi pia yuko.

Muzee Bilali alipochoka, mtoto wake Jafari akashika usukani. Jafari nilimjua akiwa hajaota meno, kwa hiyo aliniita mama na mimi nilimkaripia kama mama. Tulikuwa na mtu wa tatu, Deo, wa kubeba na kufunga kamba. Deo ni mtu mzima, ana watoto wake. Alizaliwa na kukulia Tanzania, wazazi wake walipokuwa wakimbizi, akarudi Burundi akiwa na ndevu. Mchapa kazi, hanywi, anasali kanisani kwake kila Jumapili. Kiswahili chake ni cha kule, kimenyooka kama kimepigwa pasi. Tulimcheka sana. Deo anasema "samahani" kabla ya kukukanyaga.

Sasa nifike kwenye ile siku.

Ilikuwa msimu wa mvua, na ilikuwa wakati wa penuri. Hamhitaji kuelezwa penuri, nyinyi wenyewe mmelala kwenye foleni ya esanse mkaamka foleni haijasogea. Esanse hatukuiacha kwenye boti usiku. Ile ya kukimbia ilikaa nyumbani kwangu, koridoni, kwenye bidoni ya njano. Siku hiyo pembeni yake kulikuwa na bidoni nyingine ya njano, ndugu yake kabisa: mawese mabichi niliyoyaleta kutoka Kizuka kwa ajili ya Zuhura. Zuhura anapikia watu kwenye sherehe, na siku hiyo alikuwa na harusi mtaa wa pili, samaki wa mikeke wa kukaanga na wali. Bidoni zote mbili nilizifunga mwenyewe, nailoni juu ya mdomo, kifuniko, halafu mpira wa baiskeli kuzunguka. Nikifunga mimi, kimefungwa.

Asubuhi niliwahi mwaloni kuvisha watu jile. Jafari akamwita Deo, akamwambia hivi, na mimi nilisikia kwa masikio yangu mawili:

"Deo, kimbia kwa mama. Iko bidoni mbili koridoni. Ya mafuta peleka kwa Zuhura pale harusini, ingine lete hapa."

Kwangu maneno yalikuwa sawa. Kwa mtu yeyote wa Rumonge yalikuwa sawa. Deo akaenda, akarudi na bidoni begani, akaiweka nyuma ya miguu ya Jafari. Niliigonga kwa vidole, ikatoa sauti ya kujaa. Kifungo ni kile changu. Tukaondoka.

Kwenda ng'ambo, upande wa Kongo, ziwa lilikuwa limelala. Tulishusha watu, tukapakia wengine. Kati yao alikuwa Mama Faida, Mkongomani, mfanyabiashara wa vitenge, mwanamke mwenye mwili na sauti. Alikuwa na baloti zake za vitenge zimefungwa kwa nailoni. Nilitazama nyayo za waliozibeba, nikamwambia, "Mama Faida, hizi ni nzito."

"Ni vitenge tu, Mama konvoyeri. Bintu ya kuvaa."

"Ya kuvaa tembo?"

Akacheka, tukazipakia.

Katikati ya ziwa, tukirudi, upepo ukaanza kutoka kusini. Kwanza ulikuwa wa kawaida, halafu ukawa wa kusukuma kifua. Moteri zote mbili zikawa zinapiga kelele na boti haisogei kama inavyotakiwa. Nilitazama mbele nikaona milima iliyo juu ya Rumonge haiko. Haikufifia, haikuwapo. Mvua ilikuwa imesimama pale nyeusi, kutoka mawinguni mpaka kwenye maji. Boti moja iliyotutangulia ilikuwa inarudi kutoka huko, na mtu aliyesimama mbele yake alikuwa anapunga nguo kulia na kushoto. Kwetu maana yake ni moja: msije, mawimbi yanapasukia mwaloni.

Jafari akasema, "Mama, Rumonge imefungwa."

"Minago?"

"Angalia mwenyewe."

Minago nayo ilikuwa ndani ya mvua. Upande wa kaskazini tu ndiko kulikuwa na mwanga kidogo, kule Gitaza. Ni mbali, lakini upepo ungetusukuma mgongoni.

"Gitaza," nikasema. Nikachovya kijiti. Fungu la kurudi lilikuwa limeliwa na upepo, kijiti kikatoka kimelowa kwenye ncha tu. Sikuogopa. Ndiyo maana ya fungu la tatu. Nikaita, "Deo! Fungua bidoni."

Deo akanitazama. "Ipi, mama?"

"Unaona ngapi? Hiyo hapo."

"Hii?" Akakata mpira, akafungua kifuniko, akatoa nailoni.

Harufu ilinifikia kabla sijainama. Nadhani kila mtu wa Rumonge anaijua harufu hiyo tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Jafari aliachia usukani mkono mmoja, akaingiza kidole mdomoni mwa bidoni, kikatoka chekundu.

Mawese.

Mama Faida akapasua sauti, "Ee! Sasa njo munataka kutukaanga?"

Watu wengine wakacheka. Mimi nilikuwa namtazama Deo, na Deo alikuwa ananitazama mimi, uso wake mweupe kabisa, hana hila.

"Samahani, mama," akasema. "Mafuta si nimempelekea Zuhura? Komanda alisema mafuta kwa Zuhura, nyingine boti. Nikanusa kwenye vifuniko. Yenye mafuta nikampelekea."

Nyinyi mliozaliwa hapa mnajua, lakini nawaandikia na wasiojua. Kwetu Rumonge, ukisema mafuta, ni haya ya michikichi. Ndiyo tunayokamua, ndiyo tunayouza, hakuna mengine. Ya moteri inaitwa esanse. Kule Tanzania alikokulia Deo, mafuta ni ya gari, na pahali pa kuyanunua ni kituo cha mafuta; ya chikichi lazima uyataje kwa jina lake, mawese. Jafari alisema neno moja. Mimi nililisikia kwa Kiswahili changu, Deo kwa chake.

"Ukampelekea esanse mtu anayepika harusi?" Jafari akamwuliza. "Hukushangaa?"

"Nilishangaa. Nikafikiri mnaficha. Siku hizi kila mtu anaficha."

Najua binti yangu anavyofanya kazi, nilimfundisha mwenyewe. Mawese mabichi yakipoa yanaganda. Mpishi hasubiri kuyachota kwa kijiko. Anaiegemeza bidoni karibu na mafiga, ikiwa imefungwa vilevile, moto uyalainishe taratibu wakati yeye anaosha mchele. Bidoni ya njano haimwonyeshi mtu kilichomo. Na akishamaliza mchele, anachukua kisu, anakata mpira.

Jafari alielewa kunitazama tu. Yeye na Zuhura wamekua pamoja. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "nigeuze Rumonge?"

Nataka mjue alichoniuliza. Katikati ya ziwa simu hazina rezo. Tungegeuza, esanse iliyobaki labda ingetufikisha karibu na Rumonge, pahali zinaposhika mtandao mapema, nimpigie Zuhura. Halafu ingeisha, mbele ya mwalo, kwenye yale mawimbi. Kulikuwa na watu ndani ya boti waliokuwa bado wanacheka habari ya kukaangwa. Kulikuwa na mama mwenye pacha. Wote nilikuwa nimewafunga jile kwa mikono yangu kule ng'ambo.

"Gitaza," nikasema. Sauti ilitoka, sijui ilitoka wapi.

Sasa sikilizeni kazi, maana ndiyo iliyonikalisha kwenye karatasi hii.

Tulizima moteri moja na kuiinamisha itoke majini isituvute. Moteri mbili zinakunywa kama watu wawili. Tulifungua tanki lake, masalio yote tukayachuja kwa kitambaa tukayaongeza kwenye tanki la moteri iliyobaki. Tanki lile nililisimamisha upande, nikaweka ndala yangu chini yake liiname kuelekea kwenye bomba, ili hata kilicho kwenye pembe kitiririke huko. Nilimwambia Jafari apunguze mwendo. Kila komanda akiwa na hofu anataka kukaza moteri afike haraka, na hapo ndipo anapoimaliza. Mawimbi yalikuwa yanatoka nyuma. Apande nalo moja, aache limbebe, akamate jingine. Watu niliwakalisha chini kabisa, hakuna kusimama, hakuna kuhama. Deo alikaa mbele na simu yangu na simu yake.

Bado boti ilikuwa nzito. Nilizitazama baloti.

"Hapana!" Mama Faida akasema kabla sijafungua mdomo. "Mama konvoyeri, bintu yangu hapana gusa. Tupa mimi kwanza."

"Wewe una jile. Utaelea, utanisumbua."

"Nimesema hapana!"

Nikamwambia. Sikupandisha sauti, nilimsogelea sikioni nikamwambia kilicho kwenye bidoni ya Zuhura na kinachokaa karibu na bidoni hiyo. Akanitazama macho, akamtazama Deo kule mbele anayeinua simu juu kama anayetafuta kuku aliyepotea kwenye paa.

"Huyo mutoto ni wako wa kuzaa?"

"Wa kuzaa. Peke yake."

Mama Faida akainuka kwa magoti, akaweka bega lake kwenye baloti ya kwanza. "Saidia basi," akasema, "munaangalia nini?" Zikaenda zote. Moja ilipasuka, vitenge vikafunguka juu ya maji nyuma yetu, rangi zote. Halafu akatoa simu yake nguoni akaipeleka mbele kwa mikono ya watu. "Iko na laini mbili. Jaribu."

Mvua ilitupiga kwa ukingo wake tu. Ufuko tuliuona kama mstari, halafu barabara, halafu nyumba. Nilikuwa nimeshika pompe mkononi muda wote. Ilikuwa bado ngumu.

"Deo!"

"Bado, mama."

"Deo!"

"Bado."

Mara akaruka akageuka. "Imeshika!"

Simu yangu ikapitishwa mpaka kwangu. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika. Mara ya tatu akapokea, na nyuma yake nilisikia vigelegele na mvua juu ya mabati.

"Allo? Mama? Mvua imetupiga huku, tumeingia na moto ndani, jiko lenyewe dogo, wanawake wamejaa..."

"Zuhura. Bidoni aliyoleta Deo iko wapi?"

"Ya mafuta? Iko motoni."

Nikaibana simu sikioni.

"Mama? Iko pale kwenye mafiga inalainika. Shangazi wa bibi harusi ameiegemea anaota moto. Kwani nini?"

"Umeifungua?"

"Nifungue vipi? Umefunga kama unafunga mwizi! Nimetuma kisu."

"Usiifungue. Si mafuta. Ni esanse."

Akacheka. "Mama, niko na kazi, acha mchezo."

"Zuhura, lini nimecheza na wewe?"

Hapo akaacha kucheka. Vigelegele viliendelea nyuma yake. Halafu akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu alipokuwa mdogo, "Mama, imevimba. Naiona kutoka hapa. Imevimba tumbo."

"Toa watu. Usiikate, usii..."

Rezo ikakatika. Na mkononi mwangu pompe ikalegea.

Moteri ilikohoa, ikavuta, ikakohoa, ikanyamaza. Jafari akapiga kelele, makasia mawili tuliyokuwa nayo yakaingia majini, wasio na kasia wakapiga maji kwa mikono na kwa vifuniko vya ndoo. Hatukufika Gitaza yenyewe. Tulikuwa chini yake kidogo, mbele ya ufuko mdogo ambao wanawake walikuwa wanakusanya ndagala zao kabla hazijaloa. Waliziacha. Wanaume waliingia majini mpaka kifuani, wakadaka kamba aliyoirusha Deo, wakatuvuta. Boti iligusa mchanga.

Nilishusha watu mmoja mmoja, nikapokea jile moja moja. Yule mama wa pacha alinishika mkono akanishukuru, "Murakoze, mama, murakoze cane." Nilimjibu kitu, sijui nini. Nilizikunja jile zote. Kazi yangu ilipokwisha, nilitaka kupiga simu nikakuta vidole havibonyezi. Deo akaichukua akanipigia. Haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa. Nilikaa kwenye mchanga uliolowa. Mama Faida akakaa pembeni yangu na mwili wake wote.

Simu ikalia yenyewe.

"Mama." Alikuwa anahema. "Tumetoka. Iko nje, kwenye mvua. Hakuna aliyeungua."

Sikumwuliza, alieleza mwenyewe haraka haraka, meno yanagongana. Simu ile ya kwanza ilipokatika alitaka kupiga kelele, "Esanse!" Akajizuia. Akafikiri: kwenye penuri hii, nikitaja esanse kwenye harusi, hawatatoka. Wataingia. Watakuja na chupa, watakuja na vikombe, na yule ambaye ameacha pikipiki nje atakuja wa kwanza. Basi akapiga kelele, "Nyoka! Nyoka kwenye kuni!" Jiko likabaki tupu kabla hajamaliza neno, shangazi wa bibi harusi akiwa mbele. Zuhura akachukua mwiko mrefu wa pilau, akaupitisha kwenye mkono wa bidoni, akaivuta polepole juu ya udongo, mgongo wake kwenye mlango, mpaka uani. Mvua ikaipiga. Halafu akarudi akauzima moto kwa maji ya mchele, ndipo akakumbuka kwamba ana simu.

"Mama," akasema, "sasa mafuta yangu iko wapi?"

"Iko Gitaza," nikamwambia.

"Na mikeke nikaange na nini?"

Nilianza kucheka na kicheko kikageuka kingine. Mama Faida akaninyang'anya simu, akamwambia binti yangu ambaye hajawahi kumwona, "Chemsha, mutoto. Chemsha samaki."

Deo alisubiri mpaka nimepangusa uso. Alikuwa amesimama mbele yangu, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa ofisini. "Mama, niambie nilipokosea, nisirudie."

Nilitafuta. Naapa nilitafuta, maana nilitaka sana kumkaripia mtu. Aliambiwa mafuta, akapeleka mafuta. Jafari naye alisema mafuta na alimaanisha mafuta. Nilimwambia akae chini. Jafari akakaa upande wa pili. Tulikaa hivyo mvua ikitunyea, watu watatu tuliofanya kazi pamoja miaka yote ile tukidhani tunazungumza lugha moja.

Tangu siku hiyo, kwenye boti yetu neno mafuta lilikatazwa. Ukitaka mawese, sema mawese. Ukitaka esanse, sema esanse. Na hakuna kutuma mtu kitu kwa kusema "ingine". Bidoni ya kukimbia hufunguliwa na kunuswa kabla boti haijaacha mchanga, kila asubuhi, na konvoyeri mwenyewe, hata kama aliifunga yeye. Abiria watasema unachelewesha. Waache waseme.

Tulirudi Rumonge jioni, upepo ulipolala, kwa esanse ya kuombaomba kwa wavuvi, kila mmoja akitoa kama anayetoa damu. Nilipitia moja kwa moja kwenye ile nyumba ya harusi. Zuhura alikuwa anaosha masufuria. Hatukukumbatiana, sisi si watu wa hivyo. Nilichukua sufuria la pili nikaanza kusugua. Baadaye akanionyesha bidoni pale uani. Upande mmoja plastiki ilikuwa imelainika na kukunjamana, na alama ya figa ilikuwa imeingia ndani yake kama mtu aliyelalia mkono. Nikaigusa pale. Ilikuwa nyembamba kama kucha. Ndani esanse ilitikisika, yote, haijapungua.

Mngesema tuimwage. Jafari pia alisema hivyo. Lakini abiria walikuwa wanasubiri na penuri haikuwa na habari na mshtuko wetu. Asubuhi yake Deo aliibeba mpaka kwenye boti, si begani, aliikumbatia kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nilifungua, nikanusa. Akaweka faneli kwenye tanki, akainua bidoni, halafu akasita, akaniangalia.

"Mama, hii inaitwaje?"

"Esanse," nikasema.

"Esanse," akasema, na akamimina.